Je, Kuficha Ufa wa Nyumba ya Kupanga ni Dhambi?

Tunawasalimu ninyi mlioko kambini, na ninyi wenzetu mliohamia mijini, Jinja na hapa Mbale, mnaoishi kwa kupanga. Mara hii tumeona vema tuseme juu ya jambo lisilohubiriwa sana mimbarani, nalo ni kuta za nyumba tunazokodi. Waumini wametuuliza zaidi ya mara moja: mtu akiziba ufa kwa sabuni, au akitundika kalenda juu ya tundu siku mwenye nyumba anapokuja kukagua, je, ametenda dhambi, au ametumia akili tu kama maskini mwingine yeyote? Tunajibu tukiwa na aibu, kwa sababu sisi wenyewe tumefanya hivyo.

Ninyi wa kambini huenda mkashangaa swali lenyewe. Kule mtu hupewa kiwanja, anasimamisha miti, anakanda udongo, anafunika kwa shitingi, na ukuta ukipasuka anakanda tena. Hana wa kumficha. Mjini unaingia muzigo, chumba kimoja au viwili katika mstari mrefu wa milango, unalipa kodi ya miezi kadhaa mbele, na pengine unaombwa na garanti, kama tulivyozoea kuiita kule Bukavu na Goma. Siku ya kuhama mwenye nyumba anapita akiangalia juu na chini, na kila doa analoliona linakatwa katika garanti ile.

Tulipanga Nkoma mwaka 2023. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya ya krimu, tukamshukuru Mungu. Mvua za kwanza ziliponyesha, rangi ikaanza kuvimba na kubanduka, na chini yake ukatokea mstari wa kahawia, wenye kufika magotini, kuzunguka chumba chote. Majirani hawakushangaa. Walituambia ni alama ya maji ya mafuriko yale ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika hapa Mbale na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kisha katika kona ya chumba cha kulala tukaona ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata maungio ya matofali. Mwanzoni ulikuwa mwembamba. Baada ya miezi michache kijiti cha kiberiti kiliingia.

Hatukumwambia mwenye nyumba. Tuliogopa atasema ni watoto wetu, au atatutoa, na mkimbizi akitolewa usiku hana shangazi mtaa wa pili wa kumpokea. Mwaka 2024 tulipopata nyumba nyingine, tulikaa jioni moja, sisi na mama mchungaji, tukasokota karatasi tukaijaza katika ufa, tukakanda sabuni na majivu tukapaka juu, kisha chokaa. Kazi yote haikuzidi shilingi 3,000. Kesho yake mwenye nyumba alikagua, akaridhika, akaturudishia garanti yetu, shilingi 100,000. Jumapili tuliitolea fungu la kumi.

Aliyeingia baada yetu alikuwa dada mmoja wa kanisa letu, mjane mwenye watoto watatu. Alikuja kwetu kwanza kuuliza habari za nyumba ile. Tulimwambia ni nyumba yenye amani.

Mvua kubwa zilipokuja, maji yalipita katika kona ile. Godoro la watoto lililowa na mdogo wao akaanza kukohoa. Dada alituita tukaiombee nyumba, akidhani labda kuna roho mbaya. Tulisimama pale, mkono juu ya ukuta, mbele ya sabuni yetu wenyewe iliyokuwa inateremka kama maziwa, tukaomba. Wapendwa, hatujawahi kuomba vibaya namna ile.

Sasa turudi kwenye swali. Wako wanaosema: mwenye nyumba alitudanganya kwanza, alipaka rangi juu ya alama ya maji, basi tumelipana. Tulijaribu kujifariji kwa hoja hiyo siku nyingi. Lakini tazameni hesabu yake. Mwenye nyumba alituficha sisi, nasi tukamficha yeye, na aliyelipa ni mtoto wa miaka minne ambaye hakumficha mtu neno lolote. Kisasi cha namna hii hakimfikii aliyekukosea. Humwangukia anayelala mahali pale baada yako, na katika mtaa wetu huyo mara nyingi ni mkimbizi mwenzetu.

Hata hivyo hatutaki kuwatwika mzigo usio wenu. Tunawajua waumini wanaoona hatia kwa sababu sakafu imechakaa walipotembea juu yake. Torati ina neno hapa. Katika Kutoka 22 mtu aliyeazima mnyama wa jirani, akaumia mwenyewe hayupo, hulipa. Lakini kama alimkodi, hasara imo katika ujira ule. Maana yake, anayelipa kodi amekwisha kulipia uchakavu wa kawaida. Hata Uganda, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba atoe mahali panapofaa mtu kuishi, na haimdai mpangaji kilichochakaa kwa kutumiwa vizuri. Rangi iliyofifia si deni lako. Dirisha alilovunja mtoto wako kwa mpira ni deni lako, lipa kioo.

Walawi 14 ndiyo iliyotugusa zaidi. Tuliisoma Chuo cha Biblia harakaharaka, tukaona ni mambo ya kale tu, ukoma wa nyumba, nani anayajali? Tuliisoma upya baada ya siku ile. Pale mwenye nyumba akiona doa ukutani huenda mwenyewe kwa kuhani kusema kwamba ameona kitu kinachofanana na pigo. Hasemi ni pigo. Anasema anachokiona, wenye kujua waangalie. Na kuhani, kabla hajaingia, anaamuru vyombo vitolewe nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Angalieni huruma hiyo: sheria inamlinda anayesema asipoteze na sufuria zake. Kisha wanangoja siku saba. Doa likienea wanatoa mawe, wanakwangua plasta, wanaweka mawe mengine na plasta mpya. Plasta inakuja mwisho, baada ya ubovu kutoka. Sisi tulianza na plasta. Na kuhani katika habari hii ni mtu wa kukwangua kuta, lakini sisi, tulio wachungaji, tulikuwa watu wa kupaka. Nabii Ezekieli, sura ya 13, aliwakemea watu wa kazi yetu kwa jambo hilohilo, ukuta dhaifu na chokaa juu yake, na mvua ikija.

Basi si kila kuziba ni kudanganya. Moshi wa sigiri ukutani, ukiuosha kwa sabuni ya unga na kupaka chokaa, umekwisha. Tundu la msumari vivyo hivyo. Hata mwenye nyumba asipojua, hakuna kilichobaki cha kumdhuru mtu. Hiyo ni kutengeneza, na kutengeneza kwa bei ndogo ni busara. Lakini ufa unaotembea, soketi ya umeme iliyoungua, bati linalovuja juu ya nguzo iliyooza, hivyo ukivifunika umemtegea mtu mtego, hata kama hukukusudia.

Utajuaje ufa unaotembea? Fundi mmoja wa hapa alitufundisha. Bandika donge dogo la plasta juu ya ufa, likauke, andika tarehe kwa penseli. Likikatika baada ya wiki au miezi, ukuta unasogea, mara nyingi kwa sababu ya msingi, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, si ya sabuni. Lisipokatika, ni ufa wa plasta tu. Ukwangue kwa kisu uwe na mdomo, fagia vumbi, ulowanishe, ujaze simenti kipimo kimoja kwa mchanga safi vipimo vitatu au vinne. Usiruke kulowanisha, maana tofali kavu hunyonya maji ya simenti nayo hubanduka. Nyunyiza maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Simenti siku hizi huuzwa hata kwa kilo. Kuvu nyeusi nayo, osha kwa Jik iliyotiwa maji, dirisha likiwa wazi, bila kuichanganya na dawa nyingine yoyote, na usipake rangi mpaka ukuta ukauke kabisa.

Inabaki hofu, nayo si ndogo. Tunamwelewa anayenyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, na hatumweki pamoja na anayenyamaza ili arudishiwe garanti. Kwa huyo mwenye hofu tunasema: usiende peke yako. Siku ya kuingia nyumba, kabla hujaweka hata mkeka, zunguka na mwenye nyumba mkiandika kila kasoro kwenye karatasi, watu wawili watie sahihi, nakala moja ibaki kwako. Ukiweza, mwenyekiti wa LC1 awe shahidi. Tungekuwa na karatasi ile mwaka 2023, tusingehitaji sabuni.

Tulikwenda kwanza kwa dada. Tulimweleza yote. Alinyamaza, kisha akatuonyesha kalenda aliyokuwa amekwisha kuitundika juu ya kona. Alisema alikuwa anafikiri jinsi yeye naye atakavyohama. Tulicheka wote watatu, kicheko kisicho na furaha.

Kisha tukamwendea mwenye nyumba. Alikasirika sana, tena mbele ya wapangaji wengine. Alipotulia alisema kwamba baada ya mafuriko hakuna aliyetaka kupanga nyumba yenye alama ya maji, naye alikuwa na mkopo, ndiyo maana alipaka rangi. Tukatazamana. Tulimrudishia zile 100,000 kwa mara mbili, yeye akanunua simenti, matofali na kokoto. Fundi alichimba kona akakuta udongo chini ya msingi umechukuliwa na maji. Ilichukua siku nne. Dada na watoto walilala kwetu.

Kuhusu lile fungu la kumi, wazee wa kanisa walikaa wakaamua shilingi 10,000 zitoke sandukuni ziende kwenye godoro jipya. Mzee mmoja alipinga, akisema sadaka hairudi. Bado tunazungumza naye.

Donge la plasta lipo katika kona ile, lina tarehe ya penseli. Dada hulitazama kila mvua ikinyesha, nasi tukipita tunalitazama. Mwiko, ndoo mbili na kamba ya kupimia sasa viko kanisani, katika kabati la nyuma. Familia yoyote inayotaka kuvitumia imwombe mzee anayetunza funguo, na ivirudishe vimeoshwa.