Mchujo na Wito: Mtoto Mcheza Densi mbele ya Wanaomchagua

Swali la ni programu ipi ya mafunzo ya densi imfaayo mtoto, na ni usaili upi apelekwe, huonekana mwanzoni kuwa la nauli, karo na ratiba. Lakini katika Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa, ambako familia nyingi hulitia jambo kubwa katika maombi kabla ya kulipigia hesabu, swali hilo hugeuka upesi kuwa la kidini. Mzazi huuliza kama mwanawe ana wito, yaani kama uwezo alionao ni dalili ya kazi ambayo Mungu anamtaka aifanye, kisha, kwa kuwa wito hauonekani kwa macho, huutafuta katika jambo linaloonekana, ambalo ni matokeo ya usaili. Usaili, kwa maana inayotumika hapa, ni kikao ambamo walimu au waandaaji humtazama mcheza densi kwa muda mfupi ili waamue kama watampokea, na mchujo ni sehemu ya kikao hicho ambamo wasiopokewa huondolewa. Mtoto akipita, husemwa kwamba Mungu amefungua mlango. Asipopita, husemwa kwamba huo haukuwa mpango wa Mungu. Insha hii inashikilia kwamba kuusoma mchujo kwa namna hiyo ni kosa la kiteolojia kabla hata ya kuwa kosa la malezi, na kwamba kosa hilo likiondolewa, programu za densi huanza kupimwa kwa vigezo vingine kabisa.

Pingamizi kongwe la Wakristo wa eneo hili halikuhusu mchujo bali mwili. Wamishonari wa Africa Inland Mission, walioweka makao yao Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mwaka 1903, waliihesabu ngoma ya kienyeji kuwa sehemu ya maisha ambayo muumini alipaswa kuyapa kisogo. Na mgogoro wa tohara ya wasichana ulipopamba moto mwaka 1929, Wakikuyu waliopinga msimamo wa misheni walijibu kwa muthirigu, wimbo wa kuchezwa uliowakejeli wamishonari na machifu, hata serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mapema mwaka 1930. Mwangwi wa ugomvi huo ungali unasikika katika mahubiri fulani, lakini mwenendo wa makanisa yenyewe umekwisha kuupita. Waumini wa Akorino, wanaotambulika kwa vilemba vyao, husali kwa ngoma na kurukaruka. Na Kanisa Katoliki, lililoidhinisha mwaka 1988 utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo kasisi na wahudumu huizunguka altare kwa mwendo wa densi, limewazoesha waumini wa Kenya kuwaona watoto wa Utoto Mtakatifu, lile shirika la kipapa la watoto, wakicheza mbele ya altare Jumapili baada ya Jumapili.

Inafaa kuutazama kwa karibu mchezo huo wa watoto wakati wa kupeleka vipaji. Watoto huingia kwa mistari miwili, wadogo wakitangulia, wakiwa wamevaa sare moja. Hupiga hatua mbili mbele na kurudi moja nyuma, mikono ikipanda na kushuka pamoja na kibwagizo cha kwaya, na yule aliyekosea mguu husahihishwa na mstari wenyewe, kwa sababu aliye nyuma yake anaendelea kuja. Waliofika mazoezini ndio wanaocheza. Mrefu hapendelewi kwa urefu wake wala mnene kuachwa kwa unene wake, na hapana anayekaa pembeni akiandika alama, kwa kuwa anayechezewa hayumo miongoni mwa watazamaji.

Tamasha la muziki la shule, lililoanza nchini mwaka 1927 na ambalo sasa hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa, lina mantiki nyingine. Hapo ndipo watoto wengi wa Nakuru, jiji lililojaa watu wa makabila yote ya nchi, hukutana na densi iliyo nje ya nyumba zao: mtoto wa Kikuyu au wa Kikalenjin hufundishwa isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na anajifunza kuyatikisa mabega kwa mdundo ambao asili yake ni sherehe za uzazi, harusi na matanga. Jukwaani, mdundo huo hukatwa ukatoshea dakika zilizowekwa, na mwamuzi huupa alama. Kuna wanaolia kwamba huko ni kuitoa ngoma roho. Pengine wametia chumvi, maana mtoto aliyejifunza kwa mwili wake jinsi jirani anavyozika amejua jambo ambalo kitabu cha historia kingemchukua muda mrefu kumweleza. La kuangaliwa zaidi ni kwamba hapa, kwa mara ya kwanza, mtoto anacheza mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumwondoa.

Mamlaka hayo yana mipaka ambayo mzazi mcha Mungu huisahau kwa urahisi. Katika usaili wa kawaida wa shule ya densi, watoto hupewa namba za kubandika kifuani, hufundishwa mfuatano mfupi wa hatua, huurudia wakiwa safu kwa safu, na wanaochagua hutazama nyonga inavyofunguka, upinde wa unyayo, sikio la muziki, na kama mtoto akirekebishwa mara moja hubadilika. Pamoja na hayo huwa wana hesabu zao: nafasi ngapi zimebaki, wavulana wanatosha au hawatoshi, nani atalingana kimo na nani. Uamuzi wao basi unaeleza mahitaji ya shule hiyo katika mwaka huo, na kwa sehemu tu unaeleza uwezo wa mtoto. Kuhusu mapenzi ya Mungu haujibu chochote, kwa kuwa haukuulizwa.

Maandiko yenyewe yanaonya kuhusu jambo hili kwa namna mbili zisizofanana. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, nabii anapomwona Eliabu, kijana mwenye umbo na kimo, anadhani amekwisha kumpata mpakwa mafuta, naye anakemewa kwa kutazama kile ambacho jicho la binadamu hukitazama. Na yule aliyechaguliwa mwishowe hakuwa hata ameitwa kwenye kikao, kwa sababu alikuwa malishoni na kondoo. Habari ya pili, iliyo katika Matendo ya Mitume, haihubiriwi sana, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwa mada hii. Nafasi ya Yuda ilipohitaji kujazwa, waliwekwa mbele watu wawili waliotimiza sharti lililotajwa, wakasali, kura ikapigwa, ikamwangukia Mathiya. Kitabu hakisemi popote kwamba Yusufu aitwaye Barsaba, aliyeachwa, alipungukiwa na imani, kipawa au wito. Kinasema tu kwamba nafasi ilikuwa moja. Hata mahali ambapo mchujo ulifanywa kwa sala na mitume wenyewe, basi, kutochaguliwa hakukugeuzwa kuwa hukumu juu ya aliyeachwa.

Waislamu wa Nakuru wana desturi inayogusa swali hilihili, nayo ni istikhara, sala ya rakaa mbili inayofuatwa na dua ya kumwomba Mungu amchagulie mja lililo la kheri. Mtu anaweza kudai kwamba istikhara inaipinga hoja ya insha hii, kwa kuwa anayeomba huomba jambo lirahisishwe likiwa jema na aepushwe nalo likiwa baya, hivyo kufaulu usaili ni jibu tosha. Lakini dua yenyewe inalipima jema hilo kwa dini, kwa maisha na kwa mwisho wa jambo, na mwisho wa jambo haujulikani siku majina yanapobandikwa ukutani; ndiyo maana dua hiyo huishia kwa kuomba ridhaa, ambayo mja ataihitaji kwa matokeo yoyote yale.

Simulizi inayotumiwa zaidi na wahubiri wanaoipinga densi ni ya binti wa Herodia, na yafaa isomwe upya, kwa kuwa kati ya masimulizi yote ya Biblia ndiyo inayokaribia usaili kuliko nyingine. Msichana anacheza mbele ya mtawala na wageni wake, anapendeza, anaahidiwa chochote atakacho, hata nusu ya ufalme. Injili ya Marko inaongeza jambo ambalo wahubiri hao hulipita haraka: msichana anatoka nje kwenda kumwuliza mama yake aombe nini. Kichwa cha Yohana Mbatizaji kinaombwa kwa kinywa cha mtoto, lakini shauri ni la mzazi mwenye kisasi chake. Densi haikumwua nabii. Aliuawa kwa sababu kipawa cha mtoto kiliwekwa mikononi mwa mtu mzima aliyekuwa na haja yake mwenyewe. Mzazi anayetaka mwanawe apite usaili ili majirani wanyamaze, au ili ahadi ya safari ya ng'ambo iiokoe familia na madeni, yuko karibu na Herodia kuliko anavyopenda kukiri.

Mfano wa talanta, katika Injili ya Mathayo, hunukuliwa upande wa pili, kumhimiza mtoto asizike alichopewa. Himizo hilo ni halali, lakini katika mfano huo kila mtumwa anatoa hesabu ya kile alichokabidhiwa yeye. Talanta ya densi amekabidhiwa mtoto. Mzazi amekabidhiwa mtoto, na hizo ni amana mbili tofauti. Mwanafalsafa wa Marekani Joel Feinberg, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu haki ya mtoto ya kuwa na wakati ujao ulio wazi, alikaribia wazo hilo kwa njia isiyo ya kidini: zipo haki, alisema, ambazo mtoto bado hawezi kuzitumia, nazo huwekwa amana mpaka awe mtu mzima, na mzazi huzivunja akiifunga mapema njia ambayo mtoto angeitaka baadaye.

Ugumu ni kwamba densi fulani hudai njia zifungwe mapema. Baleti, densi ya jukwaani ya Ulaya inayojengwa juu ya nyonga iliyogeuzwa nje na miguu iliyonyooshwa, huwachukua watoto wakingali wadogo: shule ya Vaganova ya St Petersburg huwapokea wakiwa na miaka kama 10, na Royal Ballet School ya London kuanzia 11. Mzazi wa Nakuru akizisikia takwimu hizo hushikwa na hofu kwamba mwanawe amechelewa. Hofu hiyo si ya densi yote. École des Sables, iliyoasisiwa na Germaine Acogny nchini Senegal mwaka 1998, huwafunza wachezaji waliokwisha kukomaa. Taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, hupokea waliomaliza sekondari. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki na densi. Na katika mtaala mpya wa Kenya, ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, Sekondari Pevu ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo muziki na densi ni somo. Hata katika baleti yenyewe, Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda, Nairobi, na kufunzwa katika Dance Centre Kenya, alijiunga na shule ya English National Ballet jijini London mwaka 2017 akiwa kijana, bila kupitia shule yoyote ya bweni ya baleti utotoni.

Anayeshika amana ataichagua programu kwa kuuliza inamwachia nini mtoto ambaye hatakuwa mcheza densi, kwa maana wengi wao hawatakuwa. Programu inayofundisha kusikia muziki, kuujua mwili na maumivu yake, na kucheza pamoja na wengine, humwachia kitu. Ile inayomfundisha mfuatano mmoja wa hatua ili ashinde tamasha moja humwachia cheti. Kuna pia jambo la siku. Safari kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, nayo kwa mtoto wa shule huwezekana Jumamosi, siku ambayo kwa familia ya Kiadventista ni Sabato. Mzazi ana haki ya kuomba siku nyingine, kama alivyo na haki ya kuuliza kama binti aliyejifunika kichwa anaweza kubaki amekifunika akiwa amevaa nguo ya mazoezi. Na namna shule inavyolipokea ombi hilo humweleza mengi kuliko picha zake za matangazo. Usaili unaofanywa mlango ukiwa umefungwa, mzazi akiambiwa asubiri barabarani, au unaotanguliwa na ada ya wakala anayeahidi kazi Ughaibuni, hauhitaji maombi kuamuliwa.

Linabaki swali la mtoto aliyepita na hataki. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 unataka mtoto asikilizwe kulingana na umri wake. Jiji la Nakuru lilishuhudia Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la drama, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere wakiimba wimbo wa taifa kisha kuondoka jukwaani bila kuliigiza igizo lao, Echoes of War, baada ya mvutano kuhusu kama igizo hilo liruhusiwe, uliofika mahakamani. Kwa lolote jingine linaloweza kusemwa kuhusu siku hiyo, ilionekana kwamba watoto wanaweza kupanda jukwaani, wakatazama hali ilivyo, na wakakataa. Mtoto wa miaka 13 anayesema amechoka na baleti huenda amechoka na mwalimu, na matatu ya alfajiri, au na densi yenyewe, na mzazi atalazimika kumsikiliza zaidi ya mara moja ili ajue ni lipi. Hata akishindwa kujua, karo ya muhula iliyokwisha kulipwa haiwezi kuwa sababu ya kumrudisha darasani.