Mvua Iliyozuilika Kyuso na Maneno Yaliyotutoka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Mwisho wa 2022 ndugu yetu mmoja wa darsa, ambaye biashara yake humfikisha Mwingi na Kyuso, kaskazini ya Kitui, alirudi safari akatusimulia baada ya sala ya Isha aliyoyaona huko. Ulikuwa msimu wa tano mfululizo ambao mvua hazikunyesha ipasavyo, tangu mwisho wa 2020. Mtama na kunde vimekauka mashambani, ng'ombe wamekonda, na wanawake huamka usiku kwenda kuchimba mchanga wa mito mikavu wapate debe moja la maji. Alipokwisha kusimulia, mmoja katika waliohudhuria akasema: "Watu hao wamenyimwa rehema kwa kuwa si Waislamu. Sisi huku twanyeshewa." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nasi tuliokuwa tumeshika kitabu mbele ya watu tukanyamaza, tukafunga kitabu, tukaenda zetu.

Kunyamaza kule kumetuuma tangu usiku ule, na waraka huu ni kulipa deni. Mas-ala yenyewe ni haya: mtu asemapo kwamba mvua ni rehema, anasema neno la hakika au neno la mfano? Na je, ni halali kwake kugeuza neno hilo akasema kuwa asiyenyeshewa ameondolewa rehema?

Tuanze na lugha, kwani makosa mengi ya itikadi huanza katika ulimi. Mvua ni maji yanayoshuka kutoka mawinguni. Hiyo ndiyo maana yake ya asili, na wanavyuoni huiita hakika. Wakamba wa Kyuso waiita mbua, neno ambalo ni ndugu wa neno letu. Lakini neno hili halikukaa mahali pake. Twasema mvua ya matusi na mvua ya risasi, wala hapana aliyelowa. Twasema fulani amefungwa mvua saba, tukakusudia miaka saba, kwa kuwa mwaka wa mkulima hujulikana kwa mvua zake. Twamwombea Mtume rehema "zimshukie", kana kwamba rehema ni matone. Haya yote ni majazi, na majazi ni pambo la lugha; lakini sharti lake ni kuwepo karina, yaani dalili imjulishayo msikiaji kwamba neno limetolewa mahali pake. Aliyesikia "mvua saba" mahakamani hatafuti mwavuli. Karina ikipotea, majazi huwa uwongo, au huwa shirki.

Kiarabu kina utajiri zaidi katika jambo hili. Sisi tuna mvua. Waarabu wana matar na wana ghaith, na maneno mengine mengi. Imam Bukhari amenakili kutoka kwa Sufyan bin Uyaina kwamba Mwenyezi Mungu hakutaja matar katika Qur'ani ila kwa adhabu, na ile ya neema Waarabu huiita ghaith. Tukitazama twaona ndivyo ilivyo mahali pengi: watu wa Luti walinyeshewa mvua ya mawe, na hapo kitendo kilichotumika ni cha matar. Nasi pia twasema "mvua ya mawe", lakini kwetu ni barafu ndogo zinazovunja majani ya migomba. Maneno ni yale yale, na mambo ni mbali kabisa. Katika Suratun Nisaa neno matar limekuja kwa maana ya mvua ya kawaida, lakini hata hapo limefuatana na udhia, kwa askari aliye vitani akiona uzito wa silaha zake.

Ama ghaith, ni mvua ijayo watu wamekwisha kata tamaa, kama ilivyotajwa katika Suratu Shura. Jirani yake ni neno ghauth, yaani kuokoa mwenye dhiki. Maneno haya mawili yamekaribiana hata wafasiri, walipofika mahali Nabii Yusuf alipowabashiria Wamisri mwaka wa faraja baada ya miaka saba ya ukame, wakahitilafiana: je, watu watanyeshewa, au wataokolewa? Kwa mtu wa Kyuso hapana tofauti kubwa baina ya maana hizo mbili. Kwake kunyeshewa ndiko kuokolewa.

Basi mvua ni rehema au ni adhabu? Ni maji. Kuwa rehema au adhabu ni katika hukumu ya Mwenye kuyateremsha, wala hakuandikwi juu ya wingu. Wahenga wetu wamesema, dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli kwa mkulima anayetaka kupanda. Lakini watu wa Adi, kama tusomavyo katika Suratul Ahqaf, waliliona wingu likielekea mabonde yao wakafurahi, wakasema hili litatunyeshea. Kumbe ndani yake mna upepo wa adhabu. Kwa ajili hiyo Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akiona wingu uso wake hubadilika, akaingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo utulie. Ikiwa Mtume mwenyewe hakujiaminisha kwa wingu, sisi wa leo tumepata wapi cheti?

Hapa yapo makosa mawili, na kila moja ni mtego.

Kosa la kwanza ni kulifanya neno la mfano kuwa la hakika. Wanavyuoni wa balagha wana mfano wao mashuhuri: mtu akisema masika yameotesha majani, maneno hayo yakitoka kwa muumini ni majazi, kwa kuwa ajua Mwoteshaji ni Mungu na masika ni wakati tu, yakitoka kwa mkanushaji ni hakika kwake, na ni ukafiri. Sentensi ni moja. Moyo ndio uliotofautisha. Na huko Hudaibiya, asubuhi baada ya usiku wa mvua, Mtume (S.A.W.) aliwaeleza Masahaba kuwa Mola amesema waja wake wamepambazuka makundi mawili: aliyesema tumenyeshewa kwa fadhila ya Mungu, huyo amemwamini, na aliyesema tumenyeshewa kwa nyota kadha, huyo amemkufuru na kuiamini nyota. Imam Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata katika pwani hii, alieleza kwamba mwenye kukusudia tu wakati wa kuchomoza nyota ile hakufuru, lakini akapenda mtu aseme neno jingine lililo salama zaidi.

Sasa tujitazame. Mvua ikichelewa wako wetu wanaomzungusha ng'ombe mitaani, na wako wanaokwenda kaburini kumwomba aliyelala humo awanyeshee. Ukiwakataza hukwambia: "Twasema kwa mfano tu, mtoaji ni Mungu." Iko wapi karina? Mtoto aliyesimama pembeni akamsikia baba yake akimwita maiti kwa jina, ataujuaje mfano huo? Katika mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka wa ukame uitwao Mwaka wa Majivu, Sayyidna Umar hakwenda kuliomba kaburi la Mtume, nalo liko pale pale Madina. Alimtanguliza Abbas, ami yake Mtume, aliye hai, amwombe Mwenyezi Mungu na watu waitikie. Hiyo ni hoja yatosha kwa mwenye kutaka hoja.

Kosa la pili ndilo lililotuleta hapa, nalo huwapata hata wale waliookoka na la kwanza. Ni kulichukua neno la kweli, kwamba mvua ni rehema, na kulifanya mizani ya kuwapimia watu. Mwenye kosa hili huweza kutuletea aya. Atasema: Nabii Nuh aliwaambia watu wake waombe msamaha ili mbingu iwateremshie mvua tele. Ni kweli. Lakini Nuh aliwaambia wao watubie dhambi zao. Hakuwaambia wakae barazani wahesabu dhambi za mji wa pili. Aya yatufunza dawa ya kunywa wenyewe, nasi twaifanya jiwe la kumpigia jirani.

Kisha na asome Suratul An'am, aone kuwa wako waliotangulia walioteremshiwa mvua tele, na mito ikapita chini yao, kisha wakaangamizwa kwa dhambi zao. Basi mvua tele si hati ya kuridhiwa. Na kukosa mvua je? Madina yenyewe, Mtume akiwa hai juu ya mimbari siku ya Ijumaa, aliingia mtu akasema mifugo imekufa na njia zimekatika, utuombee. Akaomba, ikanyesha wiki nzima, na Ijumaa ya pili akaingia mtu akilalamika kuwa nyumba zinaanguka. Mtume akaomba mvua iende kandokando, isiwe juu yao. Je, tutasema Madina iliondolewa rehema wiki ya kwanza na ikaadhibiwa wiki ya pili? Audhubillahi!

Tena huo ukame wa 2020 hadi 2022 haukuuliza mtu dini yake. Uliwapata Wakamba wa Kyuso, na uliwapata Waislamu wa Garissa, Wajir na Mandera ambao ngamia wao walikufa kwa maelfu, na ukafika Tana River na Ganze, mlangoni mwetu. Mwenye kusema maneno yale aliwatukana na ndugu zake bila ya kujua.

Na tarehe 4 Disemba 2021, katikati ya ukame huo huo, mto Enziu karibu na Mwingi ulijaa ghafula, ukaliangusha basi la watu waliokuwa wakienda arusini, wakafa zaidi ya watu 30. Maji yaliyongojewa kama ghaith yakaja kama matar. Wako waliosikia habari ile wakaanza tena kufasiri. Sisi twasema: watu wa Adi na wa Luti twajua waliadhibiwa kwa sababu wahyi umetwambia. Wahyi umekatika. Aliyezama Enziu, yatupasa kumhurumia na jamaa zake kuwapa pole. Na hukumu yake iko kwa Mola wake.

Neno la mwisho katika mlango huu limo katika Suratul Fajr, nayo twaihifadhi tangu chuoni. Mwenyezi Mungu amemtaja binadamu ambaye akineemeshwa husema Mola wangu amenitukuza, na akidhikishiwa riziki husema Mola wangu amenidhalilisha; akayakataa maneno yote mawili. Na mara baada ya kuyakataa ametaja nini? Ametaja kuwa hatumtukuzi yatima wala hatuhimizani kumlisha maskini. Zingatieni mpango huo, ndugu zetu. Badala ya kujibiwa swali letu, kwa nini fulani amedhikishiwa, tumeulizwa sisi tumemfanyia nini.

Ndipo tukaikumbuka Hadithi ya Abu Musa, aliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) ameifananisha ilimu aliyotumwa nayo na ghaith iliyopiga ardhi ya namna tatu: ardhi njema iliyonywa maji ikaotesha, ardhi ngumu isiyootesha, lakini iliyazuia maji watu wakanywa na kunyweshea wanyama, na uwanda mtupu usioshika maji wala kuotesha kitu.

Mtu wa Kyuso haitaji kufasiriwa Hadithi hii. Aiona kwa macho. Mito ya nchi ile hupita siku chache baada ya mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Basi watu wa Kitui wamejifunza kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto mahali penye mwamba chini. Mafuriko yajapo huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha baina ya chembe zake, jua lisiyafikie. Miezi baadaye mtu huchimba akapata maji. Tangu 1995 taasisi ya SASOL pamoja na wenyeji wamejenga mamia ya kuta hizo, na watu hukusanyika kubeba mawe kwa ile desturi yao ya kusaidiana waiitayo mwethya. Mchanga ule hauoteshi mahindi, lakini umeokoa watu na mifugo. Hiyo ndiyo ardhi ya pili.

Sasa sisi tulioketi darsani usiku ule ni ardhi gani? Qur'ani hutunyeshea kila jioni. Tumesoma, tumesahihisha makharij, tumefunga kitabu; ikaja habari ya wenye kiu, na kilichotoka vinywani mwetu ni dharau, na katika kinywa cha mwalimu hakikutoka kitu. Twaogopa kuwa usiku ule uwanda mtupu haukuwa Kyuso. Ulikuwa hapa.

Dawa iko wazi. Tutubie kwanza sisi. Tukisali sala ya kuomba mvua, tusiiombee pwani peke yake. Zaka ina watu wake waliotajwa, lakini sadaka haina mipaka hiyo. Qur'ani imewasifu waliomlisha maskini na yatima na mateka, na huyo mateka hakuwa Mwislamu. Katika Mwaka wa Majivu Sayyidna Umar aliagiza vyakula kutoka majimboni, na mwenyewe akajizuia samli na nyama mpaka watu wapate. Hatukusikia kuwa alikaa akauliza wenye njaa wamekosa nini. Mwenye kuchangia ukuta mmoja wa mchanga, au birika moja la skuli, huenda akawa ghaith ya watu asiowajua. Na hapo neno litakuwa majazi mazuri kuliko yote, kwani litakuwa na karina ya vitendo.

Na yule ndugu aliyesema neno lile hatumlaumu peke yake. Yeye alisema, sisi tulinyamaza, na tulikuwa na ilimu ya kumjibu. Mwenyezi Mungu atughufirie sote, aifanye mvua yetu na yao iwe yenye manufaa, na aifanye mioyo yetu ardhi inayoshika maji. Amin.

Wabillahi taufiq.