Je, Leseni Yahalalisha Kamari?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: ikiwa serikali imetoa leseni, na kodi yake yaingia hazina ya watu wote, kamari hiyo nayo ni haramu?

Kamari haikuruhusiwa jana nchini kwetu. Sheria yake ilikuwa ya mwaka 1966, na Agosti 2025 ilitiwa sahihi nyingine mahali pake. Lakini zamani mcheza kamari alikuwa na mlango wa kuingilia, naye aliona haya kuonwa mlangoni. Tangu fedha zilipoingia katika simu, mwaka 2007, mlango huo umeondoka. Huku Machakos twamwona kijana wa bodaboda, abiria hajafika, naye amekwisha kutuma shilingi hamsini kwa mechi ichezwayo Ulaya. Jioni mwenye pikipiki ataka hesabu yake, na mke ataka unga. Wengine wao twasimama nao safu moja msikitini.

Watetezi husema: mbona ina manufaa? Hatukatai. Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 219, yakiri manufaa hayo, kisha yaonyesha kuwa dhambi imeyazidi. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia, wakigawa mafungu kwa mishale ya kura, na washindi wakiona fahari kuwapa maskini nyama. Je, kodi yetu ina ukarimu kuliko huo? Nao haukuihalalisha. Tazameni Gor Mahia na AFC Leopards, zilizovaa jina la SportPesa kifuani: mwaka 2019 leseni zilipozuiwa, udhamini ukakatika, klabu zikabaki na dhiki ya mishahara.

Mwaka 2017 mtu mmoja alipata shilingi milioni 221, picha yake ikaenea nchi nzima. Zilitoka wapi? Hakuna shamba lililolimwa wala nguo iliyofumwa. Zilitoka katika vishilingi vya watu ambao hakuna aliyewapiga picha. Mfanyabiashara akipata faida, mnunuzi naye huondoka na bidhaa yake. Hapa mmoja hapati ila mwenziwe akose. Leseni humwokoa mtu na hakimu, haiibadilishi asili ya mali.

Kijana mmoja alituletea elfu mbili za kuezekea madrasa, akasema ameshinda. Wenzetu wengine waliona tuzipokee, maana wenyewe hawajulikani, na rai hiyo ina wanazuoni wake. Sisi tulimrudishia, kwa kuwa watoto walikuwa wakitutazama. Paa lingali linavuja.