Mara Saba Mtoni: Neno kwa Wanaokwenda Kupimwa Utumbo

Somo: 2 Wafalme 5:1-14



Twasoma habari za Naamani, jemadari wa Shamu, mtu mkuu mbele ya bwana wake, naye alikuwa na ukoma. Habari hii twawafundisha watoto wa shule ya Jumapili, nao huipenda kwa ajili ya yule kijana mwanamke aliyetekwa. Lakini sisi watu wazima yatupasa kuitazama mahali pengine, yaani pale penye hasira. Naamani hakukasirika kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, wala kwa kuwa fedha na mavazi aliyoyachukua yalikuwa mengi. Alikasirika alipoambiwa jambo dogo lisilo na heshima: aingie katika maji ya mto usio wake, tena mara saba, mbele ya watumishi wake. Yeye alidhani nabii atatoka nje, atasimama, ataomba na kupunga mkono, na jambo litakwisha. Uponyaji aliutaka, njia yake hakuitaka.

Jambo la namna hii tumeliona hapa Miyuji mwaka huu. Baadhi ya wazee wetu wameagizwa na madaktari wakachunguzwe utumbo mpana, ingawa hawajisikii ugonjwa wo wote. Wengi wameuliza, Mtu asiyeumwa apimwe nini? Basi tueleze. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 1.5. Ndani yake, kwa watu wengine, huota vinyama vidogo visivyouma. Vingi havina madhara, lakini vingine hugeuka polepole, kwa muda wa miaka 10 hivi, vikawa saratani. Daktari huingiza kwa njia ya haja kubwa mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera mbele yake, akautazama ukuta wa utumbo hata mwisho wake. Akiona kinyama, hukikata papo hapo kwa kitanzi cha waya. Kazi hii ya kitanzi ilianzwa mwaka 1969 huko New York na madaktari William Wolff na Hiromi Shinya. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani waliushusha umri wa kuanza kupimwa, toka miaka 50 hata 45. Na mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua saratani hiyo, huyo huambiwa aanze mapema zaidi. Aliyeonekana hana kitu, wala hana jamaa aliyeugua, aweza kukaa miaka 10 asirudi.

Kupimwa kwenyewe si kugumu. Mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza au kumlaza, na kwa muda wa nusu saa hivi kazi imekwisha. Ugumu uko siku iliyotangulia.

Siku chache kabla, humpasa mtu aache vyakula vyenye mbegu na makapi: uwele, mtama, karanga, mboga za majani, zabibu pamoja na kokwa zake. Kwa Mgogo hii ni sawa na kuambiwa aache chakula chote, maana ugali wa uwele kwa mlenda ndio chakula, na vingine ni vya kupitisha wakati. Siku ya mwisho hali kitu. Hunywa tu vitu vinavyopitisha nuru, kama maji, chai isiyotiwa maziwa, na mchuzi uliochujwa. Juisi nyekundu ya zabibu zetu za Dodoma hairuhusiwi, wala ile ya choya, kwa kuwa rangi yake ndani ya utumbo hufanana na damu. Kisha jioni huja dawa yenyewe, unga unaokorogwa katika maji, lita 2 hata 4. Nusu hunywewa jioni, na nusu alfajiri, saa chache kabla ya kupimwa. Ladha yake ni ya chumvi, nayo huteleza kooni. (Waliolelewa kwa mlenda wasilalamike sana juu ya utelezi.) Haupiti muda mrefu tumbo hufunguka, na usiku ule mtu huwa karibu na choo kuliko na kitanda chake. Katika nchi kavu kama yetu, ambako ndoo ya maji huhesabiwa, hilo nalo ni mzigo kwa nyumba nzima.

Mzee mmoja wa usharika, aliyetupa ruhusa tuyaandike haya pasipo jina lake, ana miaka 52, na kaka yake alifariki kwa saratani hiyo. Yeye alikubali kwenda. Lakini jioni ya matayarisho wakaja wageni kutoka kijijini, nao ni wakwe zake. Ugali ukaletwa. Mwenye nyumba asipotia mkono sahanini, wageni watakulaje? Na kulitaja neno choo mbele ya wakwe hakuweza. Akala. Dawa akanywa vikombe viwili kwa siri, iliyosalia akaimwaga nyuma ya zizi. Asubuhi yake daktari akatazama, asione ukuta wa utumbo kwa ajili ya mabaki ya chakula. Akautoa mpira, akamwambia arudi siku nyingine. Nauli, ada na siku ya kazi vikapotea. Ndipo alipotuambia kwamba harudi tena.

Hatukumlaumu, wala si yeye peke yake. Hata katika hospitali za Ulaya na Marekani, pengine hufikia robo ya watu wanaofika tumbo likiwa halijasafika vema. Na utumbo usiosafishwa humdanganya daktari: kinyama hujificha chini ya uchafu, na mtu huenda zake akifurahi bure.

Lililomshinda mzee wetu ni haya, wala si ile dawa. Haya ni jambo jema mahali pake. Lakini Bwana wetu mwenyewe, katika Marko 7, alinena mbele ya wanafunzi wake juu ya chakula kiingiacho tumboni na kutoka chooni, wala hakuficha neno. Na Musa, katika Kumbukumbu la Torati 23, aliwaagiza Israeli wachukue kijiti cha kuchimbia nje ya kambi. Hata baba yetu Martin Luther, alipofichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521, aliteswa mno na tumbo lililofunga, akawaandikia rafiki zake habari hiyo waziwazi. Mwaka 1537, huko Schmalkalden, alikaribia kufa kwa ugonjwa wa mawe uliomzuia mkojo. Ulipofunguka njiani, alimwandikia mkewe Katharina habari zake kwa furaha.

Lakini hapa tuweke mpaka. Wako wapendao kuhubiri kwamba kusafishwa tumbo ni mfano wa kusafishwa moyo. Sisi hatuupendi mfano huo. Katika sura ile ile ya Marko, Bwana amelitenga tumbo na moyo. Aliyemaliza lita 4 hakujipatia haki mbele za Mungu, na aliyezimwaga nyuma ya zizi hakupoteza neema. Kazi hii ni ya kifungu cha kwanza cha imani, yaani mwili tuliopewa na Mwumba. Tena ni ya amri ya tano, ambayo Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliieleza kuwa yatudai pia kumsaidia jirani katika shida za mwili wake.

Naamani hakushuka mtoni kwa nguvu zake mwenyewe. Watumishi wake walimkaribia wakamwita baba, wakasema naye kwa upole. Walimu wapendwa, hii ndiyo kazi yenu. Msiiite siku hiyo mfungo wa maombi, maana mtu akidhani anafunga, aweza kuyaacha hata maji, naye ataumia. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kila siku amwulize daktari mapema. Wageni wazuiwe kwa adabu, na mke au jirani ndiye aseme, si mgonjwa. Apatikane mtu wa kumrudisha nyumbani, kwa kuwa baada ya dawa ile ya kulaza haifai aendeshe chombo siku hiyo. Na asiyeweza gharama aulize habari za kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hakihitaji matayarisho haya, ila damu ikionekana, njia ni ile ile ya mpira.

Kwa habari ya mzee wetu, mkewe alikwenda kijijini akawaeleza wakwe. Hawakucheka, baba mkwe aliuliza tu kwa nini hakuambiwa jioni ile. Siku mpya ni Jumanne ya pili ya mwezi ujao. Vijana wa kwaya watapeleka ndoo sita za maji Jumatatu mchana, na sisi tutaketi naye barazani jioni hiyo, tukimmiminia kikombe kwa kikombe.