Nani Humganga Mganga?

Mganga hajigangi, wamesema wahenga, na aghalabu methali hii hutajwa kwa kejeli. Mwalimu ambaye mwanawe hajui kusoma, au seremala ambaye mlango wa nyumba yake umeng'oka bawaba, hakosi jirani wa kumtupia maneno hayo. Watu wakacheka, jambo likaisha. Hata hivyo, methali yenyewe haina kejeli ndani yake. Yasema tu kwamba mganga hajigangi, kama vile ndugu yake, kinyozi hajinyoi, isemavyo kwamba mwenye wembe hakioni kisogo chake. Hiyo si aibu ya kinyozi. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyoumbwa. Ikisomwa kwa namna hiyo, methali huacha kuwa dhihaka ikawa swali: ikiwa mganga hajigangi, basi nani humganga?

Swali hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani, kwa kuwa kazi ya kupokea huzuni za watu imekuwa ajira yenye saa zake, meza yake na daftari la mahudhurio. Yupo mshauri nasaha katika Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambaye asubuhi humpokea mtoto aliyedhalilishwa na mchana humpokea mama wa mtoto mwingine. Yupo muuguzi wa Kidongo Chekundu. Yupo kijana aliyeacha unga, naye sasa anawakesha wenzake katika nyumba ya upataji nafuu, akiwashika mkono wakati wa arosto huku akikumbuka ya kwake. Watu hawa huombwa jambo moja ambalo halimo katika mkataba wowote wa kazi, nalo ni kuumia kidogo kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Asiyeumia hata chembe hasikilizi. Anayeumia kila mara, kwa kila ajaye, hafiki mbali.

Katika mila za mwambao, huzuni haikuachiwa mtu mmoja. Mtu akifiwa, majirani hujaa barazani na uani; wa kupika wakapika, wa kusoma wakasoma, na wengine wakakaa tu, kwani kukaa nako ni kazi. Jeneza likitoka, kila mwanamume hutia bega kwa hatua chache kisha akampisha aliye nyuma yake. Hapana anayelibeba peke yake kutoka msikitini hadi makaburini, na hapana anayemwita mvivu yule aliyempisha mwenziwe. Hata somo, aliyemfunda mwari na kusikia siri ambazo mama mzazi hakuzisikia, alikuwa somo wa mwari yule. Hakuwa na foleni ya wari ishirini mlangoni. Mshauri wa leo ameketi chumbani peke yake, na mlango umefungwa ili siri isitoke. Kwa aliyeleta siri, mlango ule ni stara. Kwa aliyeipokea, ni mzigo ambao hana ruhusa ya kuutua barazani.

Mtu aliyelipa jambo hili jina katika elimu ya nafsi alilijua kwa mwili wake. Herbert Freudenberger alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, akakimbia utawala wa Manazi akiwa mtoto, akawa mwanasaikolojia mjini New York. Mchana aliwatibu wagonjwa wake wa kulipa. Usiku alijitolea katika zahanati ya bure iliyowahudumia vijana walioharibiwa na dawa za kulevya. Mwaka 1974 alichapisha makala juu ya wahudumu wa zahanati za namna hiyo, akitumia neno la mitaani walilopachikwa watumiaji wa dawa waliokwisha kabisa, yaani walioungua wakamalizika. Kiswahili hakijawa na neno moja lililokubalika na wote kwa maana hiyo. Husemwa kuchoka, kuzidiwa, kukinai. Na kila moja lina kweli yake, ila hapana linaloonyesha mwendo wenyewe wa jambo. Anayekumbuka koroboi atauelewa mwendo huo bila ya kamusi. Mafuta yakiwa yamo, kinachoungua ni mafuta, na utambi ni njia yake tu. Mafuta yakisha, mwanga hauzimiki hapo hapo: utambi huanza kujila wenyewe, na kwa muda mfupi aliye mbali hawezi kutambua tofauti. Aliye karibu huijua kwa harufu ya moshi.

Mwaka 1981 Christina Maslach, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akishirikiana na Susan Jackson, alitoa kipimo cha hali hii chenye sura tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu za moyo. Ya tatu ni mtu kuona kwamba kazi yake haina tija tena. Hizi mbili humdhuru zaidi mwenyewe. Ya pili ndiyo inayolitoa jambo hili katika habari za afya na kulitia katika habari za maadili: mhudumu huanza kuwaona watu kama vitu. Yule mama si mama tena. Ni faili la nne. Machozi yake yanachelewesha chakula cha mchana. Mhudumu hakuamka asubuhi akakusudia ukatili, na pengine mwenyewe hajui kwamba sauti yake imebadilika. Lakini aliye mbele yake anajua. Ameleta jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote, akajibiwa kwa jicho lililokwisha kufunga duka. Mtu kama huyo huenda asirudi tena kutafuta msaada, hapo wala penginepo.

Hapa washairi nao wana sehemu yao ya lawama. Ni mara ngapi umesifiwa mshumaa unaoteketea ili wengine waone? Taswira hiyo ni nzuri, na imetungiwa beti nyingi za kuwasifu walimu, akina mama na matabibu. Wanaousifu mshumaa, hata hivyo, ni wale waliofika ungali ukiwaka. Aliyefika baada yao, akakuta kizimba cha nta na giza, hakutunga shairi. Kuteketea kwa ajili ya watu si wema mkamilifu ikiwa miongoni mwa watu hao yupo atakayekuja kesho.

Atapinga mpingaji, na pingamizi lake si dogo. Atasema: mwanamke aliyepigwa usiku hawezi kungoja mshauri amalize likizo, na anayehesabu saa zake za kupumzika ilhali mwenzake analia mlangoni ni mbinafsi, hata akiyaita hayo kwa jina la kitaalamu. Katika nchi yenye wahudumu wachache maneno haya yana ukali wa kweli, maana kila saa ya mapumziko ya mmoja ni saa ya mtu fulani kukosa wa kumsikiliza. Haifai kulijibu kwa maneno matamu juu ya afya.

Jibu la kale linapatikana katika kisa kinachojulikana na wengi waliopita chuoni. Salman al-Farisi alimtembelea nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiachia, kwa kuwa mumewe alikuwa akifunga mchana na kusimama kusali usiku, hana haja na dunia. Salman akamlazimisha ale naye, akamzuia asisimame mapema usiku, hata ulipofika mwisho wa usiku wakasali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na ahali zake wana haki juu yake. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa akaenda kuyasimulia hayo kwa Mtume, naye akasema kwamba Salman amesema kweli. La kutazamwa ni kwamba nafsi haikutajwa hapo kama starehe ya mtu. Imetajwa kama mdai, iliyoketi katika safu moja na wadai wengine. Anayeinyima haki yake ili awape wengine hatoi mali yake. Anatoa amana ya mwenyewe mwingine. Madaktari wa dunia walichelewa kufika hapo: ni mwaka 2017, katika mkutano wa Chicago, ambapo Jumuiya ya Madaktari Duniani ilitia katika kiapo chao cha Geneva ahadi ya daktari kuangalia afya yake mwenyewe ili aweze kutibu ipasavyo.

Lakini kisa cha Salman kina jambo jingine ambalo wasimuliaji hulipita haraka. Abu Dardaa hakujizuia mwenyewe. Alikuja mtu akabisha hodi, akatazama hali ya nyumba, akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale. Mganga hajigangi.

Hili ndilo linalosahauliwa katika nasaha nyingi wanazopewa wahudumu siku hizi. Huambiwa wajitunze: walale mapema, watembee pwani jioni, wavute pumzi kwa utulivu. Hapana ubaya katika pwani. Ubaya huingia pale nasaha hiyo inapotolewa na yule aliyemwachia mtu mmoja kazi ya watu watano. Kwani hapo kuchoka kunakuwa kosa la aliyechoka, na juu ya mizigo yake anaongezewa mmoja zaidi, wa kujitengeneza. Shirika la Afya Duniani lilipoiweka hali hii katika orodha yake mwaka 2019, halikuiita ugonjwa. Lililifungamanisha jambo na kazi, na msongo wa kazini usioshughulikiwa vyema. Ikiwa asili yake ni kazini, si haki tiba yote itafutwe chumbani mwa mfanyakazi.

Inasimuliwa kuhusu Freudenberger kwamba alipozidiwa kabisa alichukua kinasa sauti, akaongea, kisha akaketi kuisikiliza sauti yake kana kwamba ni ya mgonjwa aliyemjia. Akasikia alichokuwa hakisikii. Yaani hata mjuzi wa jambo lenyewe ilimbidi ajigawe watu wawili, kwa kuwa hakuwapo wa pili. Katika taaluma ya ushauri zipo nchi zilizouleta huyo wa pili kwa sharti: nchini Uingereza, mshauri mwenye ithibati ya chama chao hutakiwa apate angalau saa moja na nusu kila mwezi ya kuketi na mshauri mzoefu, ayatue aliyoyabeba bila ya kutaja majina, aambiwe mahali sauti yake ilipobadilika. Saa moja na nusu kwa mwezi si anasa. Inamtosha hata yule mwanamke wa usiku, maana kinachofungwa si mlango. Anabadilishwa aliyeketi ndani, kama mabega yanavyobadilishwa chini ya jeneza. Mlango ukifungwa kwa kukosa wa kupokea zamu, wa kuulizwa ni anayepanga zamu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na viwanja vya Maisara vikajaa mahema, maiti wakalazwa hapo jamaa zao wapate kuwatambua. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Siku hizo wapo watu ambao kazi yao ilikuwa kufunua shuka, kumwonyesha mama uso, kufunika, na kufunua nyingine. Wengine walikuwa wauguzi, wengine askari, wengine watu wa kujitolea tu. Waliofiwa walipewa mkono wa tanzia, kama ilivyo wajibu. Mfunua shuka hakuwa mfiwa, na kwa mujibu wa ada hapana wa kumpa mkono.

Sharia, hata hivyo, ilikuwa imemwona mtu wa namna yake. Aliyeosha maiti amesuniwa kuoga baada ya kazi yake. Anaingia uani akiwa amechoka, mikono yanuka karafuu maiti, na mara nyingi ndoo ya maji anaikuta imekwisha kujazwa na mtu mwingine.