Ushuhuda Wangu na Siri ya Mwenzangu



Desturi yetu ya kusimama katika ushirika na kushuhudia ina mizizi mizuri. Uamsho ulipowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, watu waliungama dhambi zao waziwazi, wakarudisha mali walizoiba, wakawaendea waliowakosea. Waliita jambo hilo kutembea nuruni.

Lakini yatupasa kuuliza, nuru hiyo inamulika dhambi ya nani? Husikika ushuhuda wa namna hii: “Namshukuru Yesu, nimemsamehe jirani yangu aliyenichukulia kitenge changu kambani.” Asemaye ametua mzigo wake. Jirani naye yuko benchi la tatu pamoja na watoto wake, na kila mtu anajua ni nani. Jumapili ifuatayo haonekani, nasi twasema amerudi nyuma. Mimi nasema amesukumwa.

Jeraha la moyo halitoki damu, ndiyo maana twalidharau. Bwana hakulidharau. Katika Mathayo 5 alimweka mwenye kumdharau ndugu yake kwa neno karibu kabisa na mwuaji.

Tumtazame Yusufu, mchumba wa Mariamu. Alidhani ametendwa vibaya, na sheria ilikuwa upande wake. Mathayo anamwita mtu wa haki, na papo hapo anatueleza kwamba hakutaka kumwaibisha Mariamu mbele ya watu. Wengi wetu tungedhani haki ilimtaka aseme! Na yule Yusufu wa kwanza, mwana wa Yakobo, kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake aliwatoa Wamisri wote. Kilio chake walikisikia huko nje, lakini neno la kuuzwa hakulitamka mpaka walipobaki peke yao.

Wako watakaouliza: je, huko si kuficha dhambi? Sivyo. Mwenye kuiba sadaka, mwenye kumpiga mkewe, mwenye kumharibu mtoto, hao wasifunikwe. Aliye hatarini alindwe kwanza, na habari ifike kwa kasisi na kwa polisi. Mathayo 18 haikuandikwa ili mtoto aliyeumizwa amwendee peke yake aliyemwumiza. Iliandikwa kwa ajili ya mambo kama ya kitenge: kwanza wewe na yeye, kisha mmoja au wawili, ndipo kanisa. Sisi twaanzia mwisho. Hatua ya kwanza ni ngumu, maana ukimaliza kusema hakuna wa kukuimbia Tukutendereza.

Basi, aliyekwisha kushuhudia hivyo asingoje ushirika mwingine ili aombe radhi mbele ya watu wale wale. Atamwaibisha jirani mara ya pili. Aende nyumbani kwake, siku ya kazi, bila shahidi. Asianze kwa kumwuliza mbona haji kanisani. Aulize habari za watoto, kisha aungame la kwake tu, na kitenge kisitajwe. Asipopokewa, arudi siku nyingine.