Uwezo Usiotumika

Msimbo wa programu nyingi, yaani maandishi ya watengenezaji wake, haugeuki kuwa programu inayoendeshwa kabla ya kupita katika hatua ya uundaji, ambapo huamuliwa sehemu zipi ziingie, zipi ziachwe, na matokeo yafanye kazi kwenye prosesa ya aina gani; jumla ya machaguo hayo ndiyo usanidi. Machaguo 10 ya ndiyo au hapana huzaa sanidi 1,024, machaguo 20 huzaa zaidi ya milioni moja, na kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, ina machaguo zaidi ya 10,000. Watengenezaji wenyewe hutumia sanidi chache mno, na zilizobaki zipo kwa maana tu kwamba hakuna aliyezikataza. Je, kuwapo kwa namna hiyo ni kuwapo?

Katika kitabu cha tisa cha Metafizikia, Aristotle aliwapinga wanafalsafa wa Megara, waliodai kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapoutenda, hata mwashi anayepumzika akawa hana uwezo wa kujenga. Aristotle aliuliza mwashi huyo ataupata wapi ufundi atakaporudi kazini, kwa kuwa ufundi humtoka mtu kwa kusahau, kwa ajali au kwa muda kupita, wala si kwa kuweka chini mwiko. Kwa binadamu hoja hiyo ni nzito, lakini kwa programu Wamegara walikaribia ukweli kuliko walivyodhaniwa. Ufundi wa mwashi umo ndani yake, ilhali uwezo wa usanidi umetawanyika katika mistari ambayo watu wengine huibadilisha kila siku kwa sababu zisizouhusu, na asipokuwapo wa kuuendesha, hakuna atakayejua siku ulipokufa.

Maktaba ya OpenSSL, inayosimba mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa na utaratibu wake wa kuweka akiba vipande vya kumbukumbu vilivyokwisha kutumika ili vigawiwe tena haraka, pamoja na chaguo la kuuzima. Aprili 2014, udhaifu wa maktaba hiyo ulioitwa Heartbleed ulipotangazwa, mtengenezaji mmoja wa mradi wa OpenBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, aliuzima utaratibu huo wa akiba, akakuta maktaba haifanyi kazi. Sehemu moja ya msimbo ilikuwa ikirudisha kipande cha kumbukumbu kabla ya kumalizana nacho, kisha ikiomba kingine. Na kwa kuwa akiba ilitoa kwanza kilichorudishwa mwisho, kilikuja kilekile, data yake ikiwa haijaguswa. Usanidi wa kila siku ulikuwa na kosa hilohilo. Uliuzidi ule usio na akiba kwa bahati tu.

Ndiyo maana si sahihi kuuona usanidi adimu kuwa hisani kwa watumiaji wachache. Prosesa inayopanga baiti kwa mfuatano mwingine, au maktaba iliyonyimwa akiba yake, hufichua dhana ambazo msimbo ulizibeba bila kuzitamka, na dhana hizo ni za wote. Hata hivyo, hoja hii haiwezi kubeba sanidi zote, kwa sababu nguvu kazi ina kikomo. Kerneli ya Linux iliacha kuhudumia prosesa ya Intel 386 katika toleo la 3.8 la mwaka 2013, ingawa mwaka 1991 Linus Torvalds aliianza kwenye kompyuta ya aina hiyohiyo, na uamuzi huo ulikuwa wa uaminifu kuliko kuacha katika nyaraka chaguo lisilo na mlezi.

Miradi mingi hujitetea kwa mashine zinazounda sanidi za kubahatisha usiku na mchana. Kazi hiyo ina manufaa, lakini inathibitisha tu kwamba msimbo unakubalika kisarufi na sehemu zake zinaungana. Kosa la kutumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa hupita hapo bila kuulizwa, likimsubiri mtu mwenye haja halisi ya usanidi huo na subira ya kueleza ulikwama wapi.